Msomaji Asiye na wa Kumwuliza: Historia Fupi ya Maelezo ya Zana za Tarakilishi, 1951–2025

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya aina moja ya maandishi ambayo sisi wataalamu wa lugha tumeipuuza kwa muda mrefu, nayo ni maelezo yanayoandikwa ili mtu aweze kutumia zana ya tarakilishi ambayo hakuiunda yeye mwenyewe. Kupuuzwa huko kunaeleweka. Maandishi hayo aghalabu hayatajwi kwa jina la mtunzi, hayasomwi kwa furaha, na mara nyingi huandikwa kwa haraka baada ya kazi yenyewe kwisha. Hata hivyo, katika miaka michache iliyopita yamepata msomaji mpya, yaani modeli ya lugha iliyopewa kazi ya uwakala. Mtumiaji huieleza modeli hiyo shabaha yake kwa lugha ya kawaida. Nayo, ikiwa imekabidhiwa orodha ya zana, huchagua moja, huijaza vigezo vyake, husoma matokeo, kisha huendelea na hatua inayofuata. Msomaji wa namna hii asomapo hutenda papo hapo, na akikosea kusoma hukosea kutenda.

Hoja nitakayoitetea ni kwamba maelezo ya zana za tarakilishi, tangu yalipoanza, yamekuwa nusu maandishi na nusu masimulizi. Nusu ya pili haikuandikwa kwa sababu palikuwa na mtu wa kuulizwa: mwenzako wa meza ya pili, mtunzi mwenyewe ukumbini, au fundi wa zamu. Wakala wa akili unde kwa kawaida hana mtu huyo. Kwa hiyo tatizo linalowakabili waandishi wa maelezo hivi leo ni la zamani, ila sasa halina tena mahali pa kujificha.

Ni vyema kuanzia Cambridge, Uingereza. Mashine iliyoitwa EDSAC ilianza kufanya kazi katika chuo kikuu cha huko mwezi wa Mei 1949. Maurice Wilkes na wenzake walitambua upesi kwamba kuandika programu isiyo na makosa ni kazi ngumu kuliko walivyodhani, na kwamba ingekuwa hasara kubwa kila mtafiti kuandika upya hesabu ile ile ambayo mwenzake ameshaiandika na kuijaribu. Wakaanzisha maktaba ya programu ndogo ndogo, zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi na kuhifadhiwa kabatini, ili kila mwenye haja achukue, anakili na kurudisha. Kufikia mwaka 1951 maktaba hiyo ilikuwa na programu ndogo 87. Mwaka huo huo Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu kuhusu utayarishaji wa programu, ambacho ndicho cha kwanza cha aina yake. Katika kitabu hicho sehemu moja inaeleza kila programu ndogo kwa nje: herufi na namba yake, inafanya nini, inachukua nafasi ngapi za kumbukumbu, inatumia muda gani. Msimbo wenyewe wa baadhi ya programu hizo umewekwa katika sehemu nyingine. Utengano huo wa nje na ndani ndio mwanzo wa utanzu ninaouzungumzia.

Mwaka 1952, katika mkutano uliofanyika Pittsburgh, Marekani, Wheeler alisoma makala mafupi mno kuhusu matumizi ya programu ndogo. Humo alisema jambo ambalo halijapitwa na wakati: kwamba hata baada ya programu ndogo kukamilika na kuthibitishwa, bado inabaki kazi kubwa ya kuandika maelezo yatakayomwezesha mtu asiyeujua msimbo wa ndani kuitumia bila taabu, na kwamba kazi hiyo ya mwisho yamkini ndiyo ngumu kuliko zote. Inafaa kuzingatia kwamba aliyesema hivyo hakuwa mwalimu wa insha. Alikuwa mmoja wa watu waliobuni mbinu yenyewe ya kuita programu ndogo na kurejea mahali palipoachwa.

Hatua ya pili ni ya New Jersey, katika maabara za Bell, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walitengeneza mfumo wa Unix. Toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo huo lina tarehe 3 Novemba 1971. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa mtu aliyezoea kamusi akiufungua mwongozo huo hatajiona mgeni. Una sehemu saba, na ndani ya kila sehemu vidahizo vimepangwa kialfabeti. Kila ukurasa unafuata mpangilio mmoja: jina, namna ya kuiandika amri, maelezo, faili zinazohusika, kurasa nyingine za kutazamwa, ujumbe unaotolewa mambo yanapoharibika, na kasoro. Kichwa kisichohitajika kiliachwa. Lugha yake ni ya mkato, karibu ya kikavu, lakini haina kiburi. Kwamba kampuni ilichapa, kwa maandishi yake yenyewe, kichwa kisemacho «kasoro» na chini yake ikataja udhaifu wa bidhaa yake, ni jambo lisilo la kawaida katika historia ya maandishi ya kibiashara. Msomaji hakufundishwa tu kitu kinaweza nini. Alionywa pia kisichoweza.

Mfano mmoja unastahili kutajwa, ingawa ni wa pembeni. Palikuwa na amri iliyoitwa «dsw», ambayo kazi yake ilikuwa kufuta faili huku ikimwuliza mtumiaji kuhusu kila moja. Chini ya kichwa cha kasoro mwandishi alikiri kwamba jina hilo ni mabaki ya zama za kale, kwamba asili yake inachekesha, lakini kwamba halikuchaguliwa vizuri. Asili yenyewe hakuitaja. Waliokuwa chumba kimoja naye bila shaka waliijua, na hao ndio aliowaandikia.

Jambo hilo linatufikisha kwenye kichwa cha mwisho cha ukurasa, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye maana kubwa kuliko vyote. Katika toleo hilo la kwanza kurasa zilimalizika kwa kichwa kisemacho «mmiliki», na chini yake likaandikwa jina fupi la mtu, kama «ken» au «dmr». Utangulizi wa mwongozo unaeleza kwamba huyo ndiye wa kuulizwa panapotokea shida, na kwamba kanuni iliyofuatwa ni kuwa aliyekigusa kitu mara ya mwisho ndiye mmiliki wake, hata kama si mtunzi. Hapa basi tunaona masimulizi yakipewa nafasi rasmi ndani ya maandishi. Ukurasa ulikuwa mfupi kwa sababu haukujidai kuwa mkamilifu. Palipobaki pengo, jina la mtu lilitajwa. Unix ilipoenea nje ya jengo lile, kichwa cha mmiliki kiliondolewa katika matoleo ya baadaye. Ufupi wa kurasa, lakini, ulibaki vile vile. Nathubutu kusema kwamba manung'uniko mengi yaliyofuata kuhusu ugumu wa miongozo ya Unix yalitokana na hilo: mtindo uliotungwa kwa watu wenye jirani ulipelekwa kwa watu wasio na jirani.

Miongo iliyofuata naipitia kwa haraka. Mwaka 1972 David Parnas alisisitiza kwamba maelezo ya sehemu ya programu yampe mtumiaji kila anachohitaji ili aitumie, wala yasimpe zaidi ya hicho. Mwaka 1984 Donald Knuth alipendekeza kinyume, kwa namna fulani: kwamba programu nzima iandikwe kama insha ya kusomwa na binadamu, msimbo ukiwa umefumwa ndani ya maelezo. Lugha ya Java, iliyotolewa rasmi mwaka 1996, ilikuja na chombo cha kukusanya maelezo kutoka ndani ya msimbo na kuyageuza kurasa za marejeo. Mbinu zilitofautiana sana, lakini wote watatu walimwona msomaji mmoja tu mbele yao, naye ni mtu.

Wazo la kwamba msomaji angeweza kuwa mashine lilijitokeza waziwazi mwanzoni mwa karne hii. Mwezi wa Mei 2001 Tim Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila walichapisha makala katika jarida la Scientific American wakielezea ndugu wawili ambao mawakala wao wa tarakilishi wanapanga miadi ya matibabu ya mama yao, wakisoma wenyewe maelezo ya huduma mbalimbali. Ili jambo hilo liwezekane, ilidhaniwa kwamba maelezo lazima yaandikwe kwa lugha ya mantiki, kila istilahi ikiwa imefafanuliwa rasmi na kupangwa chini ya istilahi kuu. Lugha kadhaa za aina hiyo zilibuniwa. Kazi ya kuzitumia ilikuwa nzito, na wachache mno waliifanya. Daftari la hadharani la huduma, ambalo lilitarajiwa kuwa mahali pa mashine kutafutana na lililoendeshwa na IBM, Microsoft na SAP, lilifungwa Januari 2006.

Kilichodumu kilikuwa cha kiasi zaidi. Mwaka 2011 ulianza mradi wa Swagger, ambao tangu mwaka 2016 unajulikana kwa jina la OpenAPI. Huu ni utaratibu wa kuorodhesha katika faili moja milango yote ya huduma ya mtandaoni, vigezo vyake, na umbo la majibu yake. Katika faili hilo aina ya kila kigezo hutajwa kwa uangalifu: namba nzima, tungo la herufi, ndiyo au siyo. Nafasi ya maelezo kwa lugha ya kawaida ipo pia, lakini ni ya hiari. Waandishi wengi waliiacha tupu, au walilirudia jina la mlango kwa mpangilio mwingine wa maneno. Madhara hayakuwa makubwa, kwa kuwa mhandisi aliyekwama angeandika barua au angejaribu mara mbili tatu mpaka aelewe.

Mabadiliko yalikuja ghafla. Mwezi wa Oktoba 2022 yalitolewa makala ya utafiti ulioitwa ReAct, yakionyesha kwamba modeli ya lugha inaweza kubadilishana hatua za kufikiri na hatua za kutenda. Februari 2023 ukafuata utafiti wa Toolformer kutoka Meta, ambamo modeli ilijifunza yenyewe wakati wa kuita zana. Mwezi uliofuata kampuni ya OpenAI ilitangaza programu-jalizi za ChatGPT, na hapa mwanahistoria wa lugha hana budi kusimama. Faili la utambulisho wa kila programu-jalizi lilikuwa na nafasi mbili tofauti za maelezo: moja kwa ajili ya binadamu, ya pili kwa ajili ya modeli. Programu-jalizi zenyewe zilisitishwa mwaka 2024, lakini mgawanyo ule ni kumbukumbu muhimu. Kitu kimoja kilielezwa mara mbili kwa lugha moja, kwa sababu wasomaji wawili walitofautiana. Juni 2023 kampuni hiyo hiyo iliwawezesha watunzi wa programu kuikabidhi modeli orodha ya zana moja kwa moja, na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya wazi, Model Context Protocol, ili zana iliyoelezwa mara moja iweze kutumiwa na mawakala wa kila aina. Katika taratibu zote hizi zana hutambulishwa kwa mambo matatu: jina, maelezo kwa lugha ya kawaida, na skima ya vigezo. Hayo ndiyo yote ambayo wakala huyaona. Baada ya jitihada zile za lugha ya mantiki, kumbe chombo kilichowasilisha maana kwa mashine kilikuwa sentensi ya kawaida, yenye utata wake wote.

Sasa tuutazame utata huo. Waandishi wa kamusi wanalijua vizuri lawama la «aina ya samaki»: msomaji anatafuta jina la samaki, anaambiwa ni aina ya samaki, naye anafunga kamusi akiwa na elimu ile ile aliyokuja nayo. Maelezo mengi ya zana ni ya namna hiyo. Zana yenye jina la «tafuta» huelezwa kwamba hutafuta taarifa. Tuseme wakala amepewa zana tatu: moja inatafuta wateja kwa jina, nyingine inatafuta miamala ya siku tisini zilizopita, ya tatu inatafuta katika nyaraka za zamani tu. Ikiwa zote zinasema kwamba «hutafuta taarifa», wakala atachagua kwa kubahatisha, na atalieleza bahatisho lake kwa ufasaha ule ule anaoutumia kusema kweli. Kinachotakiwa ni kile ambacho mtunzi angekisema kwa mdomo kama angeulizwa: itumie hii unapokuwa na jina bila namba; usiitumie kwa miamala ya leo, kwa sababu haijaingizwa humo mpaka usiku; tarehe iandikwe mwaka kwanza; ikikosa kupata kitu hurudisha orodha tupu, wala hilo si kosa.

Jambo zito zaidi ni athari. Chukua zana ya kulipa. Wakala ameiita, mtandao umekatika, na jibu halikuja. Je, airudie? Ikiwa zana imetengenezwa ili ombi lenye namba moja ya kumbukumbu lihesabiwe mara moja tu, kurudia ni salama. Ikiwa sivyo, mtu atalipa kodi ya nyumba mara mbili. Jibu lipo ndani ya msimbo, na karani wa zamani wa ofisi husika angelijua. Lakini kama halipo katika maelezo, kwa wakala halipo kabisa. Toleo la Machi 2025 la itifaki niliyoitaja liliongeza alama za hiari zinazoonyesha kama zana inasoma tu, kama inaweza kuharibu, na kama kuirudia hakuongezi athari. Ni hatua njema, na ni dhahiri kwamba ni kichwa cha kasoro cha mwaka 1971 kilichorudi kwa vazi jingine.

Kwa upande wa Kiswahili tatizo lina sura ya ziada, kwa sababu maelezo mengi ya zana yameandikwa kwa Kiingereza ilhali mtumiaji wetu anaweza kuagiza kwa lugha yake. Mtu akimwandikia wakala, «Mtolee Juma elfu mbili», ameagiza nini? Kitenzi kutoa kinabeba kuondoa, kulipa na kukata hesabu, na kauli ya kutendea inaweza kumfanya Juma kuwa mnufaika au mwenye kupunguziwa. Baina ya watu wawili wanaofahamiana hapana utata. Mbele ya zana mbili, moja ya kuhamisha pesa na nyingine ya kupunguza salio, utata huo unagusa mali ya mtu. Neno wakala lenyewe, ambalo raia wengi wa Kenya hulihusisha kwanza na kibanda cha pesa, linatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kukabidhi jambo. Na aliyekabidhiwa, kwa desturi yetu, akitilia shaka agizo humrudia mwenye agizo. Maelezo ya zana yanaweza kumwamuru wakala afanye hivyo, yaani athibitishe jina na upande kabla ya kutenda. Sentensi hiyo moja inafaa kuliko kurasa kumi za skima, na atakayeiandika vizuri ni mtu anayeijua kauli ya kutendea.

Vivyo hivyo ujumbe wa makosa umepanda cheo. Zamani «hitilafu imetokea» ilimtosha mtu, kwa kuwa angemwita fundi. Kwa wakala ujumbe wa kosa ni sehemu ya mwongozo, tena sehemu inayosomwa wakati wa shida. Ujumbe usemao kwamba namba ya simu ianze na 254 bila alama ya kujumlisha humrekebisha papo hapo. Ule wa kwanza humfanya ajaribu tena na tena yale yale.

Kuna wanaosema kwamba mjadala huu wote utapitwa na wakati, kwani modeli zitasoma msimbo wenyewe. Sikubaliani nao. Kwanza, zana nyingi huendeshwa mbali kupitia mtandao, na msimbo wake hauonekani. Pili, msimbo hueleza kinachofanyika, wala hauelezi kilichokusudiwa. Kosa la mtunzi nalo ni sehemu ya msimbo, na msomaji wa msimbo peke yake hawezi kulitofautisha na nia.

Limebaki suala moja ambalo ni la wanaisimu hasa. Katika mwongozo wa mwaka 1971 tofauti kati ya maelezo na amri ilikuwa wazi: ukurasa ulieleza, mtu aliamua. Kwa modeli ya lugha maneno yote huingia kwa mlango mmoja, na sentensi ya kuarifu inaweza kupokewa kama agizo. Mwezi wa Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha hatari inayotokana na hilo. Zana inayodai kujumlisha namba mbili inaweza kuficha ndani ya maelezo yake agizo la kumtaka wakala asome faili za siri za mtumiaji na kuzituma kwingine. Mtumiaji huliona jina la zana tu. Wakala huyasoma maelezo yote na hutii. Kwa hiyo uwazi peke yake hautoshi, maana maelezo ya hila yanaweza kuwa wazi mno. Itifaki yenyewe inaonya kwamba hata zile alama za usalama zisiaminiwe ila zinapotoka kwa seva inayoaminika.

Hivyo tumerudi kwenye kichwa cha mwisho cha ukurasa wa Thompson na Ritchie. Jina, maelezo na skima ni nafasi tatu ambazo zana inayotolewa kwa itifaki hiyo huzijaza kwa kawaida. Nafasi ya nne, ya yule aliyeigusa mara ya mwisho na ambaye ataulizwa panapotokea shida, haimo.